Picha Yangu ya Suti na Sauti ya Marehemu

Hakuna kitu kingenishangaza mimi, nilikuwa nikijigamba. Nimebeba magunia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, masomo yaliishia darasa la saba, na leo nina cyber yangu, duka la intaneti, mtaa wa Fedha hapa Nairobi, kompyuta sita! Lakini nimekosa, jamani. Simsukumii mtu lawama.

Kompyuta zote zilisoma diski moja kubwa. Fundi wangu Kyalo aliifunga: isomwe tu, isiandikwe. Kila kompyuta ikapewa kidiski chake cha kuandikia kazi za wateja, juu ya ile kubwa, kama nyumba za ghorofa juu ya msingi mmoja.

"Mkubwa, hiyo usiifungue," Kyalo aliniambia. "Hivi vidogo vinaandika tu kilichobadilika. Ukiigusa kubwa, havitajua kitu kiko wapi."

"Kwani nani alinunua hizi mashine?"

Akacheka. "Ni wewe. Lakini msingi haujui tajiri."

Basi nikapigwa picha na suti mpya. Nilitaka kompyuta ikiwashwa, uso wangu utokee. Kuiweka moja moja? Hiyo niliona ni kazi ya watu wadogo! Kyalo alikuwa ameenda kwao Machakos. Nikaifungua ile diski kubwa, nikaweka picha, nikafuta na vitu nilivyoona ni takataka.

Uso wangu haukutokea popote. Kompyuta zote ziligoma, zikaniuliza kama zijirekebishe. Nikakubali. Zote sita! Ujuaji huu!

Hapo ndipo akaingia Mama Nekesa, mshonaji wa mlango wa pili. Marehemu mumewe, alipoona hatapona, alirekodi baraka zake zichezwe siku ya harusi ya Nekesa. Simu ikaibiwa. Nakala ya sauti ilibaki kwangu tu, kompyuta ya nne. Ni mimi niliyemwambia, "Mama, iache hapa, hapa ni kama benki."

Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

"Baba Musa, nimekuja na flash. Nitilie ile sauti ya mzee."

Nikampigia Kyalo simu anisaidie. Mimi!

Kyalo alirudi mbio, akaangalia, akavua kofia. "Kubadilisha ile kubwa kulivuruga. Kurekebisha ndiko kulimaliza, kukaandika juu ya kazi za wateja."

"Sasa tufanye nini?"

"Mkubwa, sijui."

Nilimpelekea mtaalamu wa mjini vile vidiski. Akahangaika navyo, akatoa kipande kimoja: marehemu akikohoa, halafu "Nekesa, mwanangu..." Basi. Kimya.

Nilidhani Mama Nekesa atanitukana. Laiti angenitukana! Aliweka sikio kwenye spika, akasema, "Ni yeye. Rudia." Nikarudia. "Rudia tena, Baba Musa." Harusini walicheza hicho hicho, na mimi nikasimama nyuma ya hema, na suti yangu.

Wenzangu mliojitengeneza kwa jasho, nisikieni. Kilichofungwa na anayejua, usikifungue kwa sababu tu risiti ina jina lako. Pesa yangu ilinunua kila kitu maishani, lakini safari hii ilinunua kikohozi na maneno mawili, kwa shilingi elfu arobaini na moja, mia sita na hamsini nilizomlipa yule mtaalamu.