Mshono wa Nyuma

Marehemu shangazi yangu, fundi cherehani, alipanga chumba kimoja tu, na ndani yake alipenda vitu viwili: cherehani yake na sungura mweupe aliyeitwa Pamba. Sungura huyo aliachwa na binti yake wa pekee, aliyefariki kwa homa. Binti alizoea kumwita "fundi msaidizi" kwa jinsi alivyotafuna vipande vya uzi chini ya cherehani. Baada ya maziko, shangazi alizungumza naye kama mtu.

Mama mwenye nyumba hakumtaka. "Nyumba yangu si zizi," alisema kila alipopita mlangoni, ameziba pua.

"Ananuka kuliko mbwa wako, mama?" shangazi alimuuliza.

Jumapili moja shangazi alirudi kutoka kanisani, akakuta kizimba kiko wazi na mbwa uani wanagombania manyoya. Mama mwenye nyumba alikuwa kibarazani, anachambua mchele.

"Nilimfungulia apate hewa. Sasa unalia nini? Sungura tu, mama."

Shangazi aliokota alichoweza, akakizika nyuma ya choo, akapiga magoti palepale. "Bwana, najua kisasi ni chako," aliomba. "Lakini uzi ni wangu."

Haukupita muda, mama mwenye nyumba akabisha hodi, kitambaa cha hariri begani. Mwanawe anaoa, na umbo la mama huyo hakuna fundi mwingine aliyeliweza.

"Yale yameshapita, fundi. Nibane hapa kiunoni, nionekane."

"Utaonekana, mama."

Gauni lilimkaa kama ngozi. Kote shangazi alishona kwa cherehani, isipokuwa mshono wa nyuma. Huo aliupiga bandi tu kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikizia nguo wakati wa kupima. Inastahimili kusimama na kukaa kwa adabu, basi.

Siku ya harusi shangazi alikaa benchi la nyuma ya mama mwenye nyumba. Mchungaji akasema, "Tupige magoti." Mshono ukaachia kutoka mgongoni hadi chini, trrrr, kanisa zima likasikia. Watoto wakaangua kicheko. Mama mwenye nyumba akageuka, mikono nyuma, machozi yanamlengalenga.

"Fundi! Umenifanya nini?"

Shangazi akamwinamia sikioni, taratibu. "Sasa unalia nini? Nguo tu, mama."

Jioni hiyo mkokoteni ulibeba cherehani na mizigo aliyokwisha kuifunga tangu asubuhi. Kizimba kitupu alikibeba mwenyewe.

Dhambi zake nyingine zote alizitubu kabla Mungu hajamwita. Hiyo, hapana.