Kibuyu cha Kulwa

Tulimzika mama mwezi uliopita, kulekule Usevya. Wanawake waliomwosha walitoka chumbani na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga iliyochakaa, wakanisogelea mkekani. "Doto, na huyu je?" Walisema "huyu", rafiki yangu, hawakusema "hiki".

Huyo alikuwa kibuyu. Ngoja nikueleze, usije ukadhani msiba umenichanganya.

Ukishasikia mtu anaitwa Doto unajua kuna Kulwa. Tulizaliwa mapacha, yeye akatangulia, na aliishi hivyohivyo, akitangulia. Sauti yake ilifika kisimani kabla ya ndoo. Mimi nilimfuata nyuma nimeshika upindo wa gauni lake. Tulipokuwa na miaka sita, mvua zimekolea, homa ikamshika, ikaja degedege. Baba alimpakia kwenye baiskeli ampeleke hospitali, akakuta mto umefunga njia. Alirudi anaikokota baiskeli, Kulwa amefunikwa uso.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mtu wa Ukonongo. Kwao pacha haachwi peke yake. Mwenzake akiondoka hutafutiwa wa kukaa naye, la sivyo atamfuata. Akaleta kibuyu kidogo, mama akakivika kipande cha kanga aliyombebea Kulwa. Kikalala kati yangu na ukuta. Wakati wa kula kilikaa mkekani, na kabla sijatia kitu mdomoni nilitakiwa nikate tonge la kwanza niliweke mbele yake.

"Mpe mwenzio," mama alikuwa akisema. Wali wa mpunga mpya unaonukia hadi uani, mpe mwenzio. Migebuka mikavu, samaki wa ziwani kutoka Karema, mpe mwenzio. Hata pingili ya muwa!

Nilikiogopa kile kibuyu kuliko fisi. Nilihisi kinahesabu kila ninachomeza, nikaanza kukiachia kingi, baadaye nikakiachia karibu chote. Nikakonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Nikikaa kimya mama anaguna, "Kulwa angekuwepo nyumba hii ingekuwa na watu." Na majirani, ambao walidhani mtoto hana masikio, walisema nusu yangu imezikwa na nusu nyingine iko njiani. Nikaamini. Nilijiona pumba, mchele umeshatoka.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilinuka gundi ya solusheni na mpira wa kuungua, redio ikining'inia kwenye msumari, na betri zilizochoka ameanika juani zipate nguvu. Jumamosi asubuhi kulikuwa na kipindi cha nyota, basi nusu ya mtaa inajaa pale, wenye baiskeli mbovu na wasio na baiskeli kabisa. Nge, Ng'ombe, Mizani, kila mtu na yake. Fundi alikuwa na mdomo huyo! Mtu wa Mizani akiomba apunguziwe bei anaambiwa, "Mizani gani nyie, inaegemea kwenu tu kila siku?"

Mimi na Kulwa tulikuwa Simba, tumezaliwa siku yake ya mwisho kabisa. Kesho yake inaanza Mashuke. Jumamosi moja, nikiwa na miaka kama kumi, redio ikasema mtu wa Simba hutangulia wenzake, na sauti yake haifichiki. Watu wakanigeukia, mifupa mitupu nimejikunyata kando ya tairi, wakacheka. Nikalia kwa sauti, labda mara ya kwanza maishani.

"Hata nyota ni ya Kulwa," nikamwambia fundi. "Mimi sina yangu."

Hakucheka. Alizamisha mpira kwenye beseni la maji, akawa anaangalia viputo vinapotokea. Kisha akasema, "Nenda kamuulize bibi yako aliyewapokea mlizaliwa saa ngapi. Mama yako usimuulize."

Bibi alikuwa anapepeta, hakuinua hata macho. Alisema Kulwa alitoka ng'ombe wa Wasukuma wakirudi zizini, jua bado lipo. Mimi nilikawia mpaka taa ikawashwa, akadhani nimefia tumboni.

Nilirudi mbio. Fundi akapiga paja lake jeusi kwa grisi. "Si ndiyo hiyo sasa! Jua likizama siku imekwisha. Usiku ule ni wa kuamkia kesho, na kesho ni Mashuke. Mwenzio Simba, wewe Mashuke. Nyie ni watu wawili, nani alikudanganya wewe ni nusu?"

Mashuke, kwa mujibu wa redio, ni mtu mtulivu, mvumilivu, mwenye jicho la kuona dosari ndogo. Jamani, si mimi huyo? Mimi niliyeweza kuchambua mchele tangu asubuhi nisiache hata jiwe moja! Kumbe ukimya ule haukuwa pengo la Kulwa, ulikuwa wangu, nilizaliwa nao. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jioni ile sikukata tonge. "Mpe mwenzio," mama akasema. Nikamweleza yote kwa fahari, fundi, taa, Mashuke. Akakichukua kibuyu akakipakata. "Haya. Wewe kula. Huyu atakaa na mimi."

Nilidhani amenikasirikia. Tangu siku hiyo alikata mwenyewe tonge la Kulwa kwenye chakula chake, akalala na kibuyu kitanda kimoja, akawa anakonda yeye. Mimi nikanawiri.

Nilipokwenda sekondari Mpanda, mwalimu wa jiografia akafundisha kwamba tarehe hubadilika saa sita usiku. Taa huwashwa saa moja jioni. Basi tarehe ilikuwa ileile, na nyota ileile. Nilikuwa Simba siku zote. Likizo nikakuta banda limefungwa, fundi amefariki. Mtu aliyeshinda na redio sikioni, kweli hakujua tarehe inabadilika lini?

Nikamwambia mama. "Fundi alikosea. Mimi na Kulwa nyota yetu ni moja."

"Najua," akasema, anaendelea kumenya muhogo. "Ila ulikuwa umeanza kula."

Kwa hiyo waliponiuliza "na huyu je?", niliwajibu wamlaze kwa mama, ubavuni. Wakamlaza. Bibi hayupo, baba hayupo. Palipokuwa na banda la fundi wanachaji simu, na kila mtu anasoma nyota yake peke yake, kimya, bila wa kumtania. Mimi bado nasoma Mashuke. Nyota ya uongo, sawa, lakini ndiyo iliyonilea.

Jioni ya mazishi wakaniletea ugali. Nikakata tonge la kwanza, na mkono ukaenda wenyewe, ukaliweka kando, pale mkekani. Hapakuwa na kibuyu, hapakuwa na mama. Nililitazama mpaka likapoa. Kisha nikalila.