Kombe Nililomwaga Majini

Mabinti wa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wakishika mimba huja kuniuliza kuzaa ndani ya maji kukoje, maana wamesikia binti yangu alizalia hivyo Lilongwe. Mi huwaambia yale mkunga alituambia. Maji ni ya uvuguvugu, ukikaa yanafunika tumbo. Ukichoka unatoka, hakuna anayekufunga humo. Mtoto hanywi maji, kwa sababu pumzi hajaanza kuvuta. Bado anaishi kwa kitovu mpaka wamwinue kwenye hewa. Wanafurahi. Halafu mmoja anauliza, na wewe mama ulikuwa unafanya nini? Hapo njo nakumbuka nimeacha maharage jikoni.

Binti yangu alikuwa amepanga chumba Chilinde, kulekule Lilongwe, anapiga deki kwenye kliniki ndogo ya mkunga mmoja, mama wa Kimalawi. Mtoto wake wa kwanza alimzaa amelazwa chali, akateseka hata akaapa hatazaa tena. Sasa kule alikuwa anaona wanawake wanaingia kwenye lile bwawa la plastiki, la kujazwa upepo, wanatulia. Alipobeba mimba ya pili, mkunga akamwambia na wewe utaingia, bure. Miezi yote binti aliimba neno hilo moja: huyu nitamzalia majini.

Mi nikaogopa. Kwetu Kindu shule nilifika mwaka wa pili tu, mwalimu alikuwa ananichapa kwa kuandika na mkono wa kushoto, basi nikaenda kuuza mafuta ya mawese na mama. Mama yangu alikuwa mkali kwenye bei, hata ndugu yake hakumpunguzia. Lakini nilikuwa nasema nini? Niliogopa. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa hapa kambini, akaniandikia kombe: maneno ya Kurani juu ya sahani, yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Zafarani hapa hatuna, tunaandikia rangi ya pilau. Akasema anywe, ao apakwe tumboni. Nikaweka kwenye chupa, nikafunga ndani ya kitenge.

Siku ya uchungu nilikuta binti yuko ndani ya bwawa, uchi. Nilijifunika macho kama mjinga, mtu niliyemuogesha mwenyewe. Nikamnywesha kombe kidogo, akatapika. Mkunga hakuona chupa. Aliona matapishi tu, akasema sasa apewe maji matupu, halafu akatoka kuleta taulo. Binti alikuwa amefumba macho, kichwa ukingoni. Nikajiambia: tumbo si liko majini? Nikitia majini, si limepakwa? Nikamimina chupa yote.

Mkunga akarudi na tochi, maana kila mara alikuwa anamulika maji, kisha anasikiliza moyo wa mtoto. Akamulika. Karibu na paja la binti palikuwa na wingu la manjano linajisokota. Uso wa mkunga ukabadilika. Akasema maneno ya haraka kwa Kichewa, binti akafungua macho.

"Anasema mtoto amejisaidia ndani ya tumbo," akaniambia. "Anasema nitoke, banipeleke hospitali kubwa."

Nikanyamaza, na huko kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kumimina. Mkunga alikuwa ameshashika simu ya kuita gari.

"Ni mimi," nikasema. "Ni kombe."

"Mama, umetia nini mu maji?"

"Kombe. Rangi ya pilau."

Uchungu ukamkamata. Tukangoja umpite, kisha mwanangu, mwenye kuzaa, akaanza kutafsiri aibu ya mama yake. Mkunga alinusa chupa, akasikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu, akaweka simu chini. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba maji hayo hajui yana nini tena, lazima yamwagwe, na binti atoke. Binti aliinama akalia, si kwa uchungu. Nilijua analilia maji yake.

Mkunga akaunga pampu, akatupa mpira wa maji kuelekea shimo la choo. Hapo nikakumbuka kilichomo ndani ya maji yale. Nilimshika mkono. Nikamwomba binti aseme, hayo ni maneno ya Mungu, yasiende chooni. Binti aliniangalia kama hanijui, akasema.

Mkunga akauliza, "Agogo, bibi, yaende wapi basi?"

Mahali watu hawakanyagi, nikasema. Akapitisha mpira dirishani, kwenye maua yaliyo chini ya ukuta. Lakini mpira ulikuwa unaruka, ukiachwa unageukia mtaro wa maji machafu. Ikabidi mtu aushike. Nani mwingine? Nikatoka.

Nilisimama pale, maji yananilowesha viatu, namsikia binti yangu ndani anagumia, anaita mama. Nikisema niuache, maji yanageuka. Nikawa namjibu kwa sauti kupitia dirisha, niko hapa, niko hapa, na pampu inafunika sauti yangu. Mtoto akalia kabla bwawa halijaisha.

Nilipoingia binti alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, kando ya plastiki iliyonywea, mtoto kifuani.

"Nilikuwa natafuta mkono yako," akasema.

Nikamwambia nilikuwa nashika maji. Alimgeuza mtoto nimwone. Mtoto nilimwangalia vizuri, ni wa kike, mzima. Mama yake ndiye sikuweza kumwangalia.