Jiwe la Bibi na Mzimu wa Mwavuli

Nakumbuka siku moja ya likizo kule Kigwa, kwa bibi. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe bado niko kidato cha tatu, maana mama yako ni dada yangu, na mimi ndiye mama yako mdogo. Ukishajua kusoma, haya ni yako.

Mchana ule nilijikunja jikoni na simu, naangalia katuni ya Kijapani ya mizimu. Katuni za namna hiyo zinanitisha, ila nazipenda. Katika hii, mwavuli mkuukuu uliotupwa unapata roho, unaota jicho, unarukaruka kwa mguu mmoja kuwatafuta waliokuwa wakiutumia. Bibi akachungulia, akasema huyo hatishi, ana huzuni tu. Nikatazama tena, nikaona kweli.

Nje, mjomba alikuwa akikusanya mawe ya sakafu ya chumba kipya. Akasema jiwe la kusagia la bibi nalo litapasuliwa, siku hizi mashine za kusaga zipo. Bibi akanyamaza. Mwanangu, juu ya jiwe lile alisaga mtama wa uji wa watoto wake wote, mjomba akiwemo. Nilimwona anafuta mikono kwenye khanga, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu.

Mimi wageni wakija najificha chumbani. Hata shikamoo yangu haisikiki. Lakini mjomba alipoinua nyundo nilitoka, nikamsimulia habari za ule mwavuli, macho chini, kwa sauti ndogo.

"Kumbe bubu wetu anaongea," akasema. "Kwa hiyo jiwe litanifuata kitandani?"

"Halitakufuata wewe, mjomba. Litamtafuta bibi."

Akashusha nyundo, akamuuliza mama yake kama bado analitaka.

"Nalitaka, baba," bibi akajibu polepole. "Nilidhani mtaniona mshamba."

Jioni alitusagia karanga juu ya jiwe hilo, huku akitusimulia juu ya wapagazi, wabeba mizigo wa misafara ya zamani, ambao walikwisha kufa lakini mizigo yao bado husikika usiku ikitua njiani. Mjomba akasogeza kigoda karibu yangu, akidai anakimbia moshi.

Basi mwanangu, usione haya kupenda hadithi za mbali, zitakufungua masikio kwa za nyumbani. Ukiona mtu wako amenyamaza, muulize. Ukiwa na neno la kumtetea, liseme, hata kama sauti yako ni ndogo kama yangu. Mungu akukuze, akuzungushie watu wa kukusimulia, na akujalie ulimi mwepesi kuliko wa mama yako mdogo.