Jicho Jekundu na Karatasi ya Mkwe

Juzi nilikaa kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Tabora, nikisubiri miwani. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, na masikio yangu hayana adabu.

Ndani alikuwamo bibi mmoja wa Urambo, jicho lake la kushoto jekundu kama pilipili iliyoiva.

"Bibi, ni kirusi cha herpesi," daktari alisema. "Paka dawa hii jichoni mara tano kwa siku. Matone ya kununua hovyo dukani usiyaguse. Kirusi hiki hakifi, kinalala tu. Kikiamka, njoo haraka."

"Nimesikia, baba. Sasa niandikie hilo jina."

"Nimeandika kwenye daftari lako."

"Andika kubwa, karatasi ya peke yake. Mke wa mwanangu anajua kusoma. Tangu jicho liwe hivi, haniletei mjukuu. Nilikuwa nikimbeba kutwa, baba. Sasa mgongo una baridi."

Kwetu huku, kikongwe akiwa na macho mekundu haulizwi anaumwa nini; anaogopwa kama mchawi. Wa kutambua wachawi tunao kila kitongoji. Daktari wa macho, mpaka upande basi.

Daktari akaandika kwa kalamu nene, akagonga muhuri. Bibi akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akaondoka karibu mbio. Nesi alimfukuzia hadi getini.

"Bibi, umesahau dawa!"

Aliipokea, akaitazama kidogo.

"Hii ni ya jicho," alisema, kisha akaigusa ile karatasi kifuani. "Ya kwangu ninayo."