Yule Aliyeigiza Mjane

Jarida letu la wanafunzi lilikuwa kurasa kumi na mbili zilizochapwa kwa stensili na kubanwa kwa pini mbili. Lilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa: hakuna jina la mtu. Mshairi aliitwa mshairi, mwigizaji aliitwa "aliyeigiza fulani". Bujumbura ya miaka ile ya vita, mtu akishajua jina lako aliuliza nyumbani kwenu ni wapi, na baada ya swali hilo hukujua kitakachofuata.

Mimi nilikuwa mhakiki wa mashairi na michezo ya kuigiza. Msichana wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, nimekulia katika Kiswahili, basi kurasa za Kiswahili nikaachiwa. Nilikuwa mkali kupita kiasi, nakiri. Madawati darasani yalibaki matupu moja baada ya jingine, nami sikusikia kitu moyoni. Niliambiwa jirani hayupo tena, nikasema pole, nikaendelea kula. Lakini shairi lenye mstari unaochechemea liliweza kuniharibia siku nzima. Naona aibu kuliandika hili, ila ndivyo nilivyokuwa. Hasira yangu yote ilikuwa imehamia kwenye karatasi.

Kundi la maigizo la wanafunzi lilikuwa na ukumbi mdogo mtaa wa Mutanga Nord. Michezo ilianza saa nane mchana ili watu wawahi kurudi makwao kabla ya saa ya kukatazwa kutoka nje. Wiki moja kabla ya mchezo mpya, msichana mmoja wa Kanyosha alinifuata chumba cha jarida. Yeye ndiye aliyepewa nafasi ya mjane.

"Dada, naomba kitu moja tu," alisema. "Ukiandika juu ya mchezo, weka jina yangu."

Nikamwambia sheria anaijua.

Akanieleza. Mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, walipotezana naye siku mtaa wao ulipokimbia, na sasa alikuwa kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Watu watatu walikuwa wamemwambia mama huyo kwamba mwanawe yuko hai, wawili wakamwambia amekufa. Kambini kila mzazi aliambiwa mtoto wake yuko hai, maneno hayo yalishakuwa salamu. Mama akatuma kusema hataki tena habari za mdomo. Na mtu pekee ambaye binti alijua anavuka kwenda Kigoma alikuwa mjomba wangu, muuza vitenge.

Nikaenda kumwuliza mjomba kama atambebea barua. Bandarini askari walifungua kila bahasha, naye hakutaka matata.

"Barua apana, picha apana," alisema. "Gazeti yenu ya shule, sawa, nitafungia vitenge. Mwenzangu atafikisha kwa kambi, kwa ule mwalimu. Lakini mi sijui mutu, sisemi kitu."

Jina sikuliweka. Nilimwambia yule msichana kwamba uhakiki si barua. Akasema sawa dada, akaondoka, nami nikarudi kwenye taipureta yangu bila hata kumwonea huruma.

Siku ya mchezo aliigiza vizuri, siwezi kumdhulumu. Ila kila alipotaka kusema maneno marefu alijipiga paja la kulia kwa kiganja, mara mbili. Ilinikera. Nikaandika kwamba aliyeigiza mjane anajipangusa pajani vumbi lisilokuwepo, mara mbili kabla ya kila neno zito, na nikauliza mwongozaji alikuwa wapi. Mhariri alitaka kufuta, akasema namwaibisha dada wa watu. Nikagoma. Jarida likavuka kwenda Kigoma likiwa limefunga vitenge.

Mjomba aliporudi hakungoja hata kuketi.

"Ule mwalimu amesoma," alisema. "Mwenzangu anasema amecheka mpaka amelia. Eti huyo ni mutoto yake. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anapangusa chaki hivyo akifundisha, mutoto akaiga."

Nilipompelekea msichana maneno hayo aliketi sakafuni palepale, akajifunika uso kwa mikono. Mimi nilisimama nikimwangalia, nikijua kwamba hapa mtu anapaswa kufurahi.

Kosa langu lilikuja kwa njia ya sifa. Yule alikuwa mwigizaji kweli, na uhakiki wangu alikuwa ameusoma kama mwanafunzi anavyosoma masahihisho. Mchezo uliporudiwa miezi michache baadaye, mikono yake ilitulia kabisa. Nikaandika kwamba mjane wa safari hii mikono yake imetulia, ungesema ni mwigizaji mwingine kabisa. Niliipenda sentensi hiyo, nikamsomea mhariri kwa sauti. Msichana mwenyewe alinikumbatia kwa sentensi hiyo. Hakuna kati yetu aliyemfikiria msomaji wa kambini, na jarida likaondoka na mjomba kama kawaida.

"Mumefanya nini, nyinyi?" mjomba aliniuliza aliporudi. "Mwalimu amekaa matanga. Siku tatu. Anasema mutoto amekufa, mumeweka mwingine kwa nafasi yake."

Hapo nilisikia kitu moyoni. Nilimwambia mhariri tuandike jina, sheria ife. Msichana ndiye aliyekataa.

"Jina itaniletea watu huku," alisema. "Na mama atasema jina, kila mutu anaweza kuiandika. Mchezo itarudiwa lini?"

Ulirudiwa mara ya tatu, mbele ya watu wachache. Milio ya bunduki ilisikika upande wa vilima na hakuna aliyegeuza kichwa. Alijipiga paja mara mbili, kila mahali alipokuwa akijipiga zamani. Lakini jicho langu liliona wazi kwamba sasa anaigiza. Alikuwa akikumbuka kwanza, ndipo anainua kiganja, mkono hauji wenyewe. Wakati mwingine wowote ningeliandika hilo bila kupepesa. Niliandika tu kwamba mjane ni yuleyule wa mwanzo, vumbi ni lilelile, na kwamba mhakiki alikosea kumlaumu. Nilizichapa sentensi hizo mara mbili, ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Kisha tukangoja. Safari za majini zilisimama, zikaanza tena. Kila siku baada ya masomo msichana alikuja mlangoni, nami natikisa kichwa, anakwenda zake.

Siku mjomba alipofika alikuwa ameshika ukurasa wa jarida letu, umeviringishwa na kukunjwa ncha zote mbili.

"Askari wameniuliza hii nini," alisema. "Nikawaambia, si munaona, ni chaki."

Ndani yake mlikuwa na kipande cha chaki nyeupe, kimeshatumika nusu. Kwenye karatasi hakukuwa na neno lolote la kuandikwa kwa mkono.

Nilimpa msichana pale chumba cha jarida. Alikizungusha vidoleni muda mrefu, akakinusa, akakiweka mezani karibu na taipureta. Akafungua mdomo kutaka kusema kitu, na kabla hajasema akajipangusa paja, mara mbili. Sketi yake ya bluu ikabaki na alama nyeupe.

Mhariri aligeukia ukutani. Mimi nilitafuta machozi, sikuyapata. Niliona tu, kwa jicho lile lile la uhakiki, kwamba safari hii mkono ulikuja wenyewe.