Gitaa limelia bila kuguswa

Leo gitaa langu limelia lenyewe, jamani.

Hili hili dogo la mtumba, mnalolicheka eti la mtoto.

Nililiegemeza kwenye magogo ya mdomo wa duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu hapa Nyakunguru, nikawa nakunywa uji.

Bhoke, anayevuta kamba za wachimbaji, akafoka: "Acha kupiga gitaa! Siwasikii walio chini."

"Sijaligusa, dada."

Akaweka kiganja kwenye nyuzi. Zinatetemeka.

Akapiga filimbi, wote wakapanda.

Wa mwisho hata hajakung'uta vumbi, duara likatitia lote.

Tumepona.

Nimerudi nyumbani, nimelitundika gitaa ukutani.

Mnajua nyumba zetu zilijengwa juu ya maduara ya zamani, sivyo?

Naandika nikiwa uani. Huko ndani limeanza tena.

Majirani mnaosoma hii, tokeni nje sasa hivi.